Mashanza ya Bihogo Yalivuka, Mimi Sikuvuka

Leo nimeaibika mbele ya bamwana, mkwe mwenzangu, mchana kweupe. Naandika mwenyewe, mapema, kabla hamjaletewa habari hii na watu ambao hawakuwepo.

Wenzangu walimu wa zamani, mnanifahamu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, kumi na tisa kati yake nikiwa direkteri, yaani mkuu wa shule, na sikuwahi kumwadhibu mwanafunzi kwa neno la kuambiwa. "Nani aliona?" Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Baadhi yenu mlinicheka kwa swali hilo. Leo mtacheka zaidi.

Mnajua pia kwamba binti yangu Neema aliolewa Walikale, msituni. Kwa muda mrefu njia haikupitika, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa bila mimi kumwona. Ana miezi saba sasa. Wamempa jina la marehemu mke wangu: Mapendo. Nililetewa picha nyingi kwenye simu, lakini picha nayo ni habari ya kuletewa tu. Neema mwenyewe alinipigia akasema, "Papa, niko muzuri huku, usijisumbue." Hilo nilikuwa nimelisikia, sikuwa nimeliona. Nikafunga safari.

Nilibeba kibuyu cha mashanza, yale maziwa ya mgando ambayo kwetu Masisi hatukosi. Yalitoka kwa Bihogo, ng'ombe wa marehemu mke wangu, ambaye siku zote alitulia kwa sauti ya marehemu tu (mimi ananivumilia). Kwetu, binti anayenyonyesha hupelekewa maziwa ya nyumbani kwao. Nilikuwa nimechelewa miezi saba. Katika mzigo wangu wote, kibuyu kile ndicho kitu pekee nilichoogopa kukipoteza.

Jana pikipiki ilinifikisha mwisho wa barabara, nikalala hapo. Leo asubuhi alikuja kunipokea bamwana, yaani Papa Bulambo, baba mzazi wa mkwe wangu. Kutoka pale hadi kwao ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Njia ni nyepesi: kivuli kipo, kilima ni kimoja, kijito ni kimoja. Papa Bulambo ni mtu mfupi na mpole, mkulima wa mpunga. Alivaa kandambili. Mimi nilivaa suti ya kijivu, kofia, na viatu vya ngozi nilivyovipaka rangi mara mbili. (Mtu haendi ukweni kama anayekwenda kulima. Nilimwambia hivyo. Njia nzima alivitazama viatu vyangu kwa huruma.)

"Papa Direkteri, lete nikusaidie kibuyu."

"Asante, bamwana. Maziwa ya mtoto wangu nitayafikisha mwenyewe."

Tukafika kijitoni. Upana wake hauzidi hatua kumi. Mawe matano yamepangwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ng'ambo, kina mama watatu walikuwa wakiloweka mihogo. Walinyamaza waliponiona, kwa heshima. (Wakati huo ilikuwa bado ni heshima.)

"Papa Direkteri," akasema Papa Bulambo, "batu banasema ile jiwe ya katikati inageukaka, tangu mvua ya juzi."

"Watu gani?"

"Mama Kahindo njo alisema."

"Mama Kahindo aliliona likigeuka?"

"Hapana. Aliambiwa na shangazi yake."

"Na huyo shangazi?"

Papa Bulambo akafikiri kwa uaminifu mkubwa. "Sijue kama alifika huku. Iko muzee, haitembeake."

Nikatabasamu. Naungama kwamba nilitabasamu. Nikamweleza, na kina mama wa ng'ambo wakisikia, tofauti kati ya ushahidi na uvumi. Maelezo yangu yalichukua muda. Mama mmoja aliketi.

Papa Bulambo aliponisikiliza hadi mwisho, alikunja suruali yake, akachuchumaa mbele yangu. "Basi panda ku mugongo. Miye najua maji yetu."

Ndugu zangu! Nipande mgongoni mwa bamwana? Mtu ambaye hata kumwita kwa jina lake la utotoni siwezi? Nikamjibu, "Kwetu bamwana hubebeana heshima. Hawabebani migongoni." Neno hilo lilinipendeza nilipolitamka. Nililirudia.

Kisha nikafanya uchunguzi. Nilikanyaga jiwe la kwanza: imara. La pili: imara. Nikaligonga lile la katikati kwa fimbo yangu ya kutembelea, mara tatu, katika sehemu tatu. Halikutikisika. Nikageuka nikamwambia Papa Bulambo, kwa sauti ya darasani, "Unaona? Hivi ndivyo ukweli unavyotafutwa." Nikampa fimbo aishike, nikakikumbatia kibuyu kwa mikono miwili, nikapanda.

Jiwe likageuka.

Watakuambieni nilianguka. Sikuanguka. Nilikaa. Nilikaa ndani ya maji wima kabisa, kama mtu aliyekaribishwa kiti. Maji ya kijito kile hayapiti magoti ya mtu aliyesimama. Mimi niliyeketi yalinifika kifuani. Kibuyu kilikuwa juu ya kichwa changu, katika mikono yote miwili, kikavu. Jinsi kilivyofika huko siwezi kueleza. Mikono ya mtu aliyelelewa zizini haimuulizi.

Papa Bulambo alikwisha ruka ndani. "Lete mukono!"

"Siwezi! Ni maziwa!"

"Weka maziwa!"

"Niyaweke wapi?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kila upande palikuwa na maji. "Kweli," akasema.

Kofia yangu ikaondoka bila kuaga. Kiatu cha kushoto kikaifuata. Kule ng'ambo mama mmoja akatupa mihogo yake akapiga kelele, "Direkteri anaisha! Maji inamubeba!" Akakimbia kuelekea kijijini. (Maji hayakunibeba. Yalibeba kofia.) Nikajaribu kumwita arudi, apate taarifa kamili. Hakugeuka. Wale wawili waliobaki walijifunika nyuso kwa vitenge, na mabega yao yalikuwa yakitikisika. Nilidhani wanalia.

Nilipojaribu kusimama, kifundo cha mguu kilikataa. Hapo Papa Bulambo akachuchumaa tena, mle mle ndani ya maji, akanipa mgongo. Hakusema, "Nilikuambia." Hakumtaja Mama Kahindo, wala shangazi yake. Alingoja tu, maji yakimpita kiunoni, hata nikapanda.

Hivyo ndivyo nilivyoingia ukweni, kwa mara ya kwanza tangu harusi: mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, suti inachuruzika, nimepanda mgongoni mwa bamwana, na kibuyu nimekiinua juu ya vichwa vyetu vyote viwili. Mimi ni mrefu. Miguu yangu ilikuwa karibu kugusa ardhi. Kila baada ya hatua chache aliniuliza, "Uko muzuri, Papa Direkteri?" nami nilijibu, "Niko muzuri, bamwana." Kwa robo saa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Tulipokaribia nyumba za kwanza, tukasikia kilio. Si cha mtu mmoja. Ni cha kijiji.

"Kuna msiba kwenu leo?" nikauliza kutoka juu.

"Asubuhi haikukuwa."

"Sasa ni nani amekufa?"

Papa Bulambo akanisogeza vizuri mgongoni.

"Nazani ni weye."

Tukatokea uani. Watu walikuwa wamejaa, wanakwaya waliokuwa wamejipanga kunipokea kwa wimbo wakiwa wa kwanza kulia. Neema alikuwa katikati, mikono kichwani, anamsukuma kila anayemshika ili akimbilie kijitoni. Akaniona. Wote wakaniona. Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Katika ukimya ule ilinipasa kusema neno. Miaka thelathini na minne nimehutubia wazazi, maaskofu, hata waziri mmoja. Nikasema:

"Hamujambo."

Aliyeanza kucheka ni Mama Bulambo. Kisha kwaya, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kisha nikamsikia Papa Bulambo. Nilimsikia kwa kifua changu, maana nilikuwa bado nimempanda. Robo saa nzima alikuwa amekizuia kicheko, masikini.

Neema hakucheka. Alikuja, akanishika mguu ule usio na kiatu, akaukumbatia. "Papa," akasema, "balisema umekufa."

"Nani alisema? Aliona?"

Hapo ndipo alipocheka, huku machozi yanamtoka. Alikuwa amenenepa kidogo. Uso wake ulikuwa umetulia. Ni kweli, yuko vizuri. Nimeona.

Nikamteremshia kibuyu. Alikifungua, akanusa, akafumba macho. "Ya Bihogo?"

"Ya Bihogo."

"Yote imefika?"

"Hakuna hata tone lililomwagika."

Alikunywa hapo hapo, amesimama mbele ya watu wote, kama alivyokuwa akinywa akiwa mtoto, kwa pupa, na mdomo wa juu ukawa mweupe. Kisha bamwana akaniketisha, Neema akaniletea Mapendo. Mtoto alinikagua kwa muda, kwa ukali ambao katika ukoo wetu ulikuwa ni wa mtu mmoja tu, na huyo tulimzika miaka sita iliyopita. Akanikamata pua. Hakuiachia. Nami sikumwomba aiachie.

Kwa ajili ya kumbukumbu sahihi naongeza haya. Suti yangu imeanikwa. Nimevaa kitenge cha Mama Bulambo, kile cha sare ya kina mama wa parokia (rangi inanifaa, wamesema, sijathibitisha). Simu yangu imezikwa ndani ya mchele kwa ushauri wa watu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza walijuaje. Naandika kwa simu ya Neema, nyuma ya jiko, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Mama Kahindo nimeshamwomba radhi. Kesho nitakwenda kumwomba shangazi yake. Safari ya kurudi nimeshakubaliana na bamwana: nitapanda mgongoni kabla ya jiwe la kwanza.

Mkisikia kwamba palikuwa na mamba, hapakuwa na mamba. Mkisikia kwamba nilikuwa nimelewa, sikulewa. Mkisikia mengine yote, ni kweli. Wako mashahidi wa macho, kijiji kizima.

Na anayetaka kucheka namwomba acheke polepole. Mapendo amelala juu ya mguu wangu, ule mzima.