Kabichi Zisizohitaji Mizizi

Mgombea alihitaji shamba lililokwisha kustawi. Alikuwa ameahidi kuinua uchumi wa vijijini kwa kilimo cha kisasa, na uchaguzi haungoji mbegu iote. Aliyeliona pengo hilo mapema ni Mtaalamu, ambaye utaalamu wake, bila kumhukumu, ulikuwa wa kuvaa koti jeupe.

"Mzee, nipe ile pikipiki ya kampeni iwe yangu," alisema, "na kesho kutwa nakuonyesha shamba la kabichi."

"Kesho kutwa?"

"Usasa, mzee wangu."

Alikwenda sokoni, akamwambia mama muuza mboga kwamba ana harusi, akanunua kabichi zake zote. Alfajiri ya siku ya mkutano wa kampeni akazipanga shambani kwa mistari, akazifukia hadi shingoni, akazinyunyizia maji. Zilipendeza kuliko zilizopandwa. Pikipiki ilisimama kando, ufunguo mfukoni mwake. Lililobaki lilikuwa kuondoka kabla jua halijachachamaa.

Lakini mgombea akishika kipaza sauti, kukitoa mkononi mwake ni kazi. Alihutubia mpaka kabichi zikaanza kusinzia pamoja na wapiga kura.

Mama mmoja akainuka, akang'oa kabichi. Ikaja bila mzizi. Mtaalamu alimtambua: yule yule wa sokoni.

"Hongera ya harusi, mwanangu," mama alimnong'oneza. Kisha akapaza sauti: "Mbona hii haina mizizi?"

Mgombea akamgeukia Mtaalamu.

"Ndio usasa wenyewe, mama," Mtaalamu alisema huku akifuta jasho. "Mizizi inakula mbolea bure."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Mheshimiwa, sisi mizizi imetusumbua tangu enzi za mababu. Tuachie huyu atufundishe mpaka tuvune. Hapo tutajua wa kumpa kura."

"Atabaki," mgombea akasema haraka. Makofi yakapigwa.

"Na pikipiki hii ndiyo ya kupelekea mazao sokoni?"

Mgombea hakuwahi kuyapita makofi njiani bila kuyaokota. "Ndiyo hiyo, mama."

Mama akanyoosha mkono. Mtaalamu akaitazama barabara, akawatazama wakulima na majembe yao, akatoa ufunguo.

Jioni ile mama alifunga kabichi zile zile nyuma ya pikipiki, ili akaziuze mara ya pili. Kabla ya kuondoka alimtazama Mtaalamu, aliyekuwa ameinamia tuta la kwanza.

"Kesho koti ulivue, baba," alimwambia kwa huruma. "Samadi haitoki kirahisi."