Vidole Kumi vya Kuombea Uraia

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa. Mahojiano ya uraia ni Ijumaa. Miaka saba nachanganya zege katika nchi ya watu, leo wamekumbuka kwamba nipo. Nikipata, mama watoto na mabinti wawili watakuja tukae pamoja. Nisipopata, basi tena. Yule mdogo alizaliwa nimeshaondoka. Kwenye simu ananiita mjomba. Mama yake alipomkemea, akasema baba ni yule wa kwenye picha ukutani.

Fundi rangi, ninayekaa naye chumba kimoja, naye ameitwa siku hiyohiyo. Ananiambia, kaka, sema ukweli na ulale mapema. Ushauri rahisi namna hiyo! Huyu ana lake jambo.

Jumanne, 4 Machi
Nimefikiri. Ofisa ataangalia mikono. Yangu ni magome ya mti, saruji imejaa katika kila mkunjo. Nani atampa uraia mwenye mikono hii? Nataka adhani nashika kalamu.

Nimechukua msasa stoo. Nikamwambia mtunza stoo ni wa mlango. Akauliza mlango gani, na jengo halijafika hata madirishani. Nikaondoka kabla hajapata swali la pili.

Jumatano, 5 Machi
Nimesugua kidole kimoja kimoja. Juu yake nikapaka dawa ya kung'arishia vigae. Inawaka moto. Fundi rangi akauliza kama najiandaa kwa mahojiano au kwa kuolewa. Wivu. Yeye ana rangi ya kijani hadi kwenye viwiko, wala hana habari. Namhurumia.

Alhamisi, 6 Machi
Mikono laini kama ya mtoto mchanga. Koleo halishikiki. Nyapara kasema, mzee, kama umeshakuwa bosi tuambie tukuletee kiti. Nimekatwa ujira wa siku.

Ijumaa, 7 Machi
Maswali nilijibu yote. Ofisa, dada mpole, hata hakuitazama mikono. Kaniambia tu, baba, weka vidole hapa. Mashine ikakataa. Akafuta kioo. Ikakataa vyote kumi. Akavigeuza, akauliza alama za vidole zimekwenda wapi. Nikasema nimenawa. Akamwita mwenzake aje ajionee.

Kumbe saruji ilikuwa inazila alama hizo pole pole miaka yote, mimi nimemalizia. Bila alama faili halisogei. Ofisa kasema nipumzishe vidole, nirudi baada ya miezi miwili. Fundi rangi amepita. Mashine imemsoma na ukijani wake.

Nimempigia mama watoto. Akasema wasichana wameshapanga nguo zote kwenye begi. Nikamwambia wasizitoe. Akauliza sasa watavaa nini.

Jumapili, 9 Machi
Fundi rangi kaninunulia mafuta ya mgando. Anasema nitulie, nisiguse saruji, alama zitarudi zenyewe. Nisiguse saruji, nile nini? Kusubiri ni rahisi kwa aliyeshapata.

Mchana huu amelala, mkono unaning'inia nje ya kitanda. Nimeutazama kwa makini. Mistari yake imepangika vizuri, na mashine imeshaikubali. Mimi nina kalamu ya wino usiofutika.

Kidole gumba chake nimeshamaliza kunakili kwenye changu. Naingia cha pili.