Shingo Aliyekaa Mbele Kushoto

Mtaani walimwita Shingo, maana ndiyo iliyomlisha. Wenzake walikwenda kazini na vyombo vya kazi. Yeye alibeba mkobani kola moja nyeupe ya hospitali, na popote breki zilipolia alifika shingo ikiwa tayari imeshapinda.

Asubuhi hiyo alisikia kishindo nje ya duka la dawa, moyo ukamcheza kama wa bwana harusi. Gari jeupe lenye vioo vyeusi lilikuwa limerudi nyuma likaibusu nguzo ya bango la duka hilo. Bango limeinama, bampa limepasuka, taa ya nyuma haitamaniki. Kando yake alisimama mwoka keki, aproni bado kiunoni, amejishika kichwa.

"Pole, dada yangu. Hujaumia?"

"Mimi mzima, kaka. Kilichoumia ni mfuko. Nikidai bima, lile punguzo la miaka yote niliyokaa bila kudai linayeyuka, na mwakani watanikamua. Nisipodai, bampa na bango la watu vinaila pesa yangu ya oveni. Sijui nifanyeje."

Shingo alivuta pumzi kama mhubiri anayekaribia mahali pa sadaka.

"Shida yako unawaza bampa. Bampa ni plastiki! Binadamu je? Binadamu ana shingo. Sema ulikuwa na abiria, yaani mimi. Fidia tunagawana nusu kwa nusu, unanunua oveni mbili."

Mwoka keki, tuseme ukweli, aliiona ile oveni ya pili. Aliiona na mlango wake wa kioo na taa yake ndani, na aliitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyompasa mtu mwema. Kisha akauliza:

"Na wakikuuliza ulikaa wapi?"

"Mbele kushoto! Abiria akae wapi kwingine, kwenye buti?"

Mwoka keki akakohoa. Akalitazama gari lake, akamtazama Shingo.

"Twende, kaka. Ila usibadilishe hata neno."

Ofisi ya wakala wa bima ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofani. Kufika ngazini kola ilikuwa shingoni. Kufika mlangoni Shingo alikuwa anachechemea pia, kwa moyo wa kujitolea tu.

"Na mguu nao?" wakala akauliza.

"Mshipa wa shingo, bosi. Unashuka mpaka kwenye kifundo."

"Pole. Ulikaa wapi?"

"Mbele kushoto, na mkanda nimefunga."

"Una hakika?"

"Naapa kwa shingo hii hii! Hata uniamshe usingizini nitakwambia mbele kushoto."

Wakala akaweka kalamu chini. "Gari hilo nimelikatia bima mimi mwenyewe. Liliagizwa kutoka nchi ambako usukani hukaa kushoto. Kwa hiyo ndugu, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Leseni tafadhali."

Shingo hakuwa na leseni hata ya baiskeli.

"Bosi... kusema kweli, mimi sikuwemo kabisa."

"Ahaa. Basi huo ni udanganyifu, nao una polisi wake." Akaivuta simu.

"Dada!" Shingo alilia. "Sema kitu!"

Mwoka keki aliinamisha kichwa kwa huzuni ya msibani. "Niseme nini, kaka, na umeshaapa? Labda dereva alipe bampa, taa na bango leo hii. Mimi sitadai. Na pasipo dai, polisi waitwe kwa lipi?"

Wakala aliwaza, kisha mkono wake ukaiachia simu taratibu, kama wa mtu aliyekatazwa sukari.

Shingo akavua kola. Shingo ikapona pale pale, bila dawa wala maombi, na mguu ukafuata. Kutoka mfuko wa ndani akachomoa bahasha: fidia ya wiki iliyopita, ya ajali ya basi ambalo hakuwahi kulipanda.

"Usinipe mimi," mwoka keki alisema. "Tunaanza kwa mwenye bango, kisha twende kwa fundi ukalipe kwa mkono wako."

Mwenye bango alipolipwa, Shingo alitoka dukani kichwa kikimzunguka, akafungua mlango wa kushoto wa gari, akajibwaga kitini. Usukani ukamgota kifuani.

"Sogea, dereva," mwoka keki akamwambia. "Au unataka uligonge bango tena?"