Maziwa ya Oganiki kwa Blandine

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Blandine amebadilisha maziwa. Ni mjane kutoka Masisi, Kongo, anauza chai hapa mtaani Kamwokya, na mimi nampenda tangu mvua za Aprili, ingawa hajui. Leo katangaza kwamba chai yake sasa ni ya maziwa ya oganiki tu: ng'ombe hadungwi sindano, anakula majani safi. Bei imepanda. Ulrich kinyozi, anayejipulizia manukato hadi kwenye soksi, akasema hata yeye nyumbani hanywi mengine. Blandine akamtabasamia. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mimi ninaye ng'ombe wa namna hiyo. Mdomo huu ndio ulioninyima cheo polisi.

Jumanne, 9 Septemba
Blandine kaagiza lita tano kila asubuhi. Nimekwenda duka la maziwa ya kupima, yale ya bei rahisi. Nikayatia kwenye chupa za kioo na kufunga majani mabichi shingoni. Kazi safi. Blandine alionja, akaisukuma chupa pembeni. Nadhani alizidiwa na utamu.

Alhamisi, 11 Septemba
Ulrich kauliza mbele za watu ng'ombe wangu analala wapi. Chumba changu anakijua, ukitaka kufagia lazima kitanda kitoke nje. Nikasema yuko kwa rafiki. Blandine akasema kwao alikua akikamua, na angependa sana kumwona. Jumamosi. Nilitabasamu. Kisha nikaanza kuhesabu marafiki wenye ng'ombe.

Ijumaa, 12 Septemba
Taban, niliyekuwa naye polisi, ana ng'ombe nyuma ya soko. Kakubali kuniazima, mradi mkewe asijue. Ng'ombe nimemwogesha kwa sabuni yangu ya uso. Kapendeza kuliko mimi. Kesho nitamfunga kwenye majani mazuri karibu na kanisa. Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 13 Septemba
Una tundu.
Blandine alikuja na kitenge kipya. Ulrich naye akaja, bila kualikwa. Nikaanza kueleza habari za majani safi. Ng'ombe akayanusa, akayakataa, akakata kamba, akaenda moja kwa moja kwenye jalala la soko. Huko akachagua kaveera, mfuko wa plastiki wenye mabaki ya chipsi ndani, akautafuna wote huku kafumba macho. Ulrich akauliza kama hiyo ndiyo oganiki yenyewe. Muuza ndizi alicheka mpaka akakaa chini. Blandine alisema tu, "Afande, ile ng'ombe iko nakula vizuri kuliko siye." Akaenda zake.
Nilikuwa polisi miaka mingi na sikuwahi kumtambua mwongo, ingawa mmoja namnyoa ndevu kila asubuhi. Sikula chakula cha jioni. Naona aibu, na nimehuzunika kweli.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya misa Blandine kaniita pembeni. Nilitega shavu nikingoja kofi. Badala yake akaniambia alijua tangu tone la kwanza. Wateja aliendelea kuwapa oganiki ya kweli. Yangu alikuwa anayagandisha jibini ya kula nyumbani. Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza. Akasema alipenda jinsi nilivyokuwa nikileta chupa na kukaa mpaka kikombe cha pili. Akasema mwanamume mwenye ng'ombe hamhitaji. Anamhitaji asiyemdanganya. Kisha akanialika chakula cha mchana Jumapili ijayo, na akasisitiza niende mikono mitupu. Ulrich hajaalikwa. Nililia kidogo nyuma ya kanisa.

Jumatatu, 15 Septemba
Mimi ni mtu mpya. Sitadanganya tena kuhusu maziwa.
Lakini kwenda kwa mwanamke mikono mitupu si heshima, hata kama mwenyewe kasema. Nimenunua samli ya kawaida dukani, ile ya bei ya chini. Karatasi ya kiwanda nimeshaibandua, na kopo nimelipitisha kwenye moshi wa mkaa ili linukie kijijini. Nitasema ni ya oganiki, kaitengeneza shangazi yangu Lakica huko Gulu, kwa mikono yake.
Shangazi alifariki zamani. Safari hii hakuna wa kwenda kumtazama.