Kiwanja Kinachopumua

Shemeji alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, aliposikia bahati yake ikiongea ng'ambo ya barabara.

Bahati hiyo ilikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye duka la nafaka, ambaye soko zima lilimwita Mama Mizani. Alipima maharage, alipima mchele, na waliomjua vizuri walisema alipima hata watu. Bahati mbaya, hakuna hata mmoja wa waliomjua vizuri aliyekuwa kwa kinyozi asubuhi ile. Alikuwa ameegemea pikapu yake ya buluu, akimwambia mchukuzi wa magunia kwa sauti ya mtu asiye na siri, "Natafuta ardhi huko bondeni. Nikipata kipande kizuri, hata gari hili namwachia mtu. Limenichosha."

Shemeji akainuka na taulo shingoni.

"Bado nusu," kinyozi akamkumbusha.

"Nywele zipo kila siku, shemeji. Pikapu haioti."

Yafaa hapa tueleze jina hilo, maana hakuwa shemeji wa mtu yeyote. Alimwita kila mwanamume shemeji, basi likamrudia. Ilikuwa hila nyepesi lakini ya uhakika: mtu usiyemjua akikuita shemeji, utakaa dakika nzima ukijiuliza ni nani kwenu alimwoa, na dakika moja ilimtosha Shemeji kufanya mengi.

Mfukoni mwake kulikuwa na hati ya kiwanja bondeni. Namna alivyoipata ni habari asiyopenda isimuliwe, kwa hiyo tutaisimulia haraka. Wiki mbili nyuma Fundi, mwashi mmoja mpole mwenye mikono mikubwa, alimwonyesha kiwanja kikavu, kigumu kama sakafu, akasema anakitoa kwa cherehani tu, mkewe anataka kujifunza kushona. Shemeji hakuwa na cherehani. Dada yake alikuwa nazo mbili. Moja ikatoka mlango wa nyuma, na dada akaambiwa imepelekwa kutengenezwa, inasubiri kipuri. Siku ya tatu Shemeji alipita nyuma ya nyumba ya Fundi, akakuta rundo la matofali ya nyumba iliyobomolewa, kila tofali la pili lina ufa. Akauliza. Fundi akatazama chini.

"Ilikuwa nyumba yangu ya bondeni," akasema. "Ule ni udongo mweusi wa mfinyanzi, Shemeji. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea. Nyumba inapandishwa na kushushwa kama mtoto mgongoni, mpaka inapasuka."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Tena fundi gani anatangaza kwamba nyumba yake ilipasuka?"

Akakubali kuirudisha cherehani kama Shemeji angembebea matofali hayo safari tatu mpaka eneo lake jipya. Safari tatu zinataka gari, na Shemeji hakuwa hata na baiskeli. Wakati huohuo dada yake, ambaye ndiye aliyempa chumba cha uani na sahani ya jioni, alikuwa amepokea kazi ya sare za shule nzima, akamwekea mpaka. "Jumamosi cherehani iwe hapa," alisema huku akikata uzi kwa meno. "La sivyo, usiniite dada. Niite mama mwenye nyumba, ukatafute nyumba nyingine."

Mjanja aliyelizwa hanyamazi mpaka apate wa kumrithisha kilio. Shemeji akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kichwa kina mikoa miwili?"

"Nimekimbilia heri, mama. Nimesikia unatafuta ardhi. Mimi ninayo, na inanitoa machozi kuiuza."

"Basi usiiuze. Machozi ni kitu kibaya."

"Lakini kwako," Shemeji akasema upesi, "nitajikaza."

Mama Mizani akamtazama kuanzia mkoa ulionyolewa mpaka viatu. "Alhamisi," akasema. "Alasiri, si asubuhi. Njoo na hati, mimi nitakuja na ufunguo."

Bonde lile lilikuwa tambarare kama sinia, chini ya vilima vya mawe meusi. Tangu zamani mvua iliviosha vilima, na maji yakituama bondeni kwa sababu hayakuwa na pa kwenda. Tope yalilolileta ndilo lililokuwa udongo. Kwa miezi mitano sasa hapakuwa na tone. Miti mikubwa haikuwepo, miba mifupi tu na majani yaliyogeuka rangi ya kamba. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta, na nyufa nyingine zilimeza mkono mpaka kwapani.

Alhamisi asubuhi Shemeji alifika mapema kukipamba kiwanja. Nguzo za ua, zilizokuwa zimeinama kila moja upande wake, alizinyoosha na kuzishindilia mawe. Nyufa za karibu na njia alizijaza nyasi na kuzifunika vumbi, akazizika moja baada ya nyingine kwa heshima zote. Alipomaliza, mahali palionekana pa kujenga ikulu.

Alasiri pikapu ikaja ikitimua vumbi, ikatoka kwenye barabara ya changarawe na kuegeshwa katikati kabisa ya kiwanja. Mama Mizani akashuka na kiti cha plastiki, chupa ya chai, mwavuli na fimbo. Upande wa pili akashuka Fundi, ambaye Shemeji alimwomba awe shahidi. Shemeji aliamini kwamba aibu ya nyumba iliyopasuka ni kufuli lisilo na ufunguo wa pili.

Akaokota jiwe, akalidondosha. Ardhi ikalia ngo.

"Umesikia, mama? Hii ni zege ya Mungu. Hapa msingi hauchimbwi, unawekwa tu kama sufuria mezani."

Mama Mizani akatembea hatua nne nje ya njia, akachomeka fimbo. Fimbo ikaingia, ikaingia, ikabaki mpini.

"Na hili?"

Shemeji hakupepesa. "Hiyo ni pumzi, mama. Hiki ni kiwanja kinachopumua. Ardhi isiyopumua inakupa nyumba yenye unyevu, na unyevu unakupa kikohozi."

"Kumbe," Mama Mizani akasema, akaichomoa fimbo. "Inapumua kwa kina. Fundi, wewe wasemaje?"

"Inapumua," Fundi akasema, akaanza kukagua kucha zake.

Mama Mizani akaketi, akamimina chai, akaomba asomewe mkataba. Miwani alikuwa ameisahau. Shemeji alisoma kwa fahari, maana aliuandika mwenyewe na aliupenda hasa mstari wa tatu, aliouweka ili mnunuzi ajione amependelewa: *Tangu dakika ya kutia sahihi, vyote vilivyosimama juu ya kiwanja hiki, na vyote vilivyozama ndani yake, ni mali ya mnunuzi, na muuzaji hatavidai kamwe.*

"Rudia hapo," Mama Mizani akasema. "Pamenoga."

Akarudia.

"Vilivyozama vyote?"

"Vyote, mama. Hata ukichimba ukakuta dhahabu."

"Na kama kitu kimezama nusu?"

"Nusu, robo, chako. Mimi si mtu wa kugombea nusu."

"Ongeza basi na kitakachozama kesho. Mimi ni mtu wa kupenda ukamilifu."

Shemeji akaongeza kwa mwandiko mzuri. Mama Mizani akamimina kikombe cha pili, akauliza habari za nguzo, akauliza habari za majirani, akaomba asomewe tena tangu mwanzo kwa sababu upepo ulimpotezea neno moja. Upepo kweli ulikuwa umegeuka. Ulitoka vilimani, wa baridi, una harufu ya vumbi lililoloa. Mtu yeyote aliyezaliwa bondeni angekuwa ameshakunja mkeka. Lakini Shemeji alizaliwa mtaani, akakulia mtaani, na mvua kwake ilikuwa kitu cha kukimbilia chini ya kibaraza. Alichokiona ni ufunguo tu, uking'aa kwenye kidole cha mama yule.

Mwishowe wakatia sahihi, Fundi wa mwisho. Hati ikaenda huku, ufunguo ukaja huku. Tone la kwanza likaanguka juu ya wino.

"Haya, mwanangu," Mama Mizani akasema akikunja kiti. "Sisi tutatembea mpaka barabarani. Mifupa yangu inataka mazoezi." Akavua viatu, akavishika mkononi, akafungua mwavuli, akaondoka na Fundi kwa mwendo ambao haukumfaa mtu mwenye mifupa ya kulalamikia.

Shemeji alikaa nyuma ya usukani, akaupapasa kama mtu anayesalimia ng'ombe wake wa kwanza. Akajaribu honi. Akarekebisha kioo ili aone mkoa wake ulionyolewa. Alipowasha gari, mvua ilikuwa inashuka kama imetumwa, na nyufa zote, zile za wazi na zile alizozizika, zilikuwa zinakunywa.

Pikapu ikasogea hatua kumi, ikasita. Akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka palepale, yakatupa donge jeusi kwenye kioo cha nyuma, kisha gari zima likashuka taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeketi baada ya kukaribishwa. Ile zege ya Mungu ilikuwa imegeuka sabuni juu na ulimbo chini. Alipofungua mlango, mlango ulikwangua matope.

Akashuka. Hatua ya kwanza ilichukua kiasi cha udongo. Hatua ya pili ikachukua wa kwake na kuubandika juu ya ule wa kwanza. Kwa kila hatua Shemeji alirefuka, na alipofika ukingoni mwa barabara, walipokuwa wamesimama Mama Mizani na Fundi chini ya mwavuli, alikuwa amepita kimo cha wote wawili, na bado alilazimika kutazama chini kwa aibu.

"Mama," akasema, "gari limekwama."

"Limekwama wapi?"

Shemeji akageuka kulitazama gari. Mstari wa tatu ulikuwa umemrudia kichwani.

"Juu ya kiwanja," akasema polepole.

"Juu tu?"

"Na ndani."

"Nusu au robo?"

"Nusu, mama."

"Basi linipumzikie. Udongo ukikauka, nitamkopa mtu jozi ya ng'ombe nilikokote." Akamgeukia Fundi. "Shahidi, niko sawa?"

"Uko sawa," Fundi akasema, na safari hii hakutazama kucha.

"Lakini nyumba hutajenga hapo," Shemeji akasema. Ilimtoka tu, alikuwa amelowa mno kuendelea kudanganya. "Itapasuka."

"Nani alisema nyumba? Mimi nilisema ardhi. Nyumba uliileta wewe." Mama Mizani akainama, akafinya donge la udongo kutoka kwenye kiatu cha Shemeji, akalizungusha kiganjani kama anapima. "Udongo huu ni mchoyo. Ukinywa maji hauachii. Mvua zikiisha, watu wote wanalia ukame, mimi nitapanda dengu zangu hapa, na hazitaomba tone jingine mpaka mavuno. Udongo wa kujengea na udongo wa kula ni mambo mawili, mwanangu. Baba yangu alilima upande ule."

Maji yalimtiririka Shemeji usoni, upande wa nywele yakienda taratibu, upande mwingine yakikimbia. Hakuwaza gari. Aliwaza Jumamosi.

"Nimemwibia dada yangu," akasema, si kwa mtu yeyote. Fundi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamsogezea kidogo mwavuli.

"Tunajua," Mama Mizani akasema. "Mshonaji wa magunia yangu ni nani, unadhani? Alinililia Jumapili nzima juu ya kipuri hicho kisichofika. Nikamuuliza Fundi, Fundi akasema. Jumatatu, Jumanne na Jumatano gari hili hili lilimbebea matofali, safari tatu. Kwa hiyo kiwanja nimekilipia, na mwenye kulipwa si wewe. Nenda nyumbani."

"Kwa miguu?"

"Unayo mirefu sasa."

Alifika mtaani jioni, mvua imekatika. Njia nzima alikuwa akitunga maneno: kwamba alivamiwa, kwamba alikuwa akiokoa mtoto aliyetumbukia mfereji, kwamba fundi wa cherehani amefariki. Yalikuwa maneno mazuri, na mojawapo lilikaribia kumliza yeye mwenyewe. Lakini kabla hajagusa mlango alisikia sauti kutoka ndani, ngurumo ndogo ya chuma inayokimbia, ikisita kwenye kona ya kola na kukimbia tena. Cherehani ile nzito. Hakuna nyingine iliyokuwa na sauti ile.

Maneno yake yote yakamwisha.

Dada alifungua mlango, sindano mdomoni, mkanda wa kupimia shingoni. Alimtazama kaka yake kichwani, ambako kulikuwa na watu wawili tofauti. Alimtazama katikati. Kisha akashuka mpaka miguuni, kwenye yale madonge mawili meusi, kila moja kubwa kama chungu, yaliyokuwa yameanza kukauka na kupata nyufa nyembamba.

Akatoa sindano mdomoni.

"Ingia," akasema. "Kiwanja kiache nje."