Kathure na Ukuta Uliokataa Amri

Sogeeni, enyi watu wa Grand Prairie, nyinyi mliotoka ghalani na nyinyi mliotoka wodini! Zimeni simu, mbembelezeni mtoto, mnipe sikio. Leo siwasimulii vita vya wafalme wala miji iliyoteketea. Nawasimulia jinsi Kathure binti M'Ikiara, simba jike wa Meru, mwalimu wa darasa la pili, mshika chaki asiyetetemeka, alivyobandika karatasi moja ukutani, nayo karatasi ikabandikika.

Ilikuwa Agosti, na jua la Texas limekaa juu ya paa la shule kama mgeni asiyejua kuaga. Kutoka mji mkuu wa jimbo ilikuwa imeshuka sheria: kila darasa la shule ya umma litundike Amri Kumi, kwa herufi za kusomwa hata na mtoto wa kiti cha nyuma. Na waliopitisha sheria hiyo ndio wale wale walioapa mbele ya umma kwamba serikali lazima iwe ndogo. Nayo ikawa ndogo kweli, ndogo kiasi cha kupenya kwenye tundu la ufunguo na kuja kumwonyesha mwalimu mahali pa kubandika karatasi.

Kathure hakuwa adui wa amri hizo, hata kidogo. Alifundishwa na bibi yake huko Nkubu kabla hajang'oka meno ya utoto, na hadi leo anafundisha watoto kanisani kila Jumapili. Lakini kuzishika amri moyoni ni jambo moja, na kuzishikiza ukutani ni jambo jingine. Tena lilimuuma jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Maktaba ya shule ilikuwa imefungwa, vitabu vimetiwa kwenye maboksi vikisubiri kuchunguzwa visije vikawaharibu watoto. Kipoza hewa cha darasa lake kilikuwa kimekata roho tangu shule ifunguliwe, na maombi yake ofisini hayakujibiwa. Lakini karatasi ya amri, hiyo ilifika kwa wakati, imeviringishwa na kufungwa utepe wa dhahabu.

Asubuhi hiyo mwalimu mkuu, mama mpole aliyeshtuka kila simu ilipolia, alimjia mlangoni akinong'ona.

"Kathure, Mheshimiwa Pruitt anakuja saa sita na mpiga picha. Asikute ukuta mtupu, nakusihi. Mwenzako wa darasa la nne aliuliza swali moja tu kuhusu sheria hii ilipokuwa bado mswada, na Mei mkataba wake haukurudi."

Mheshimiwa Randall Pruitt! Mjumbe wa bodi ya shule, mgombea ubunge wa jimbo, mtetezi wa ndoa takatifu, ambayo aliipenda hata akafunga tatu.

Kathure akajifunga kibwebwe. Akapanda juu ya kiti, selotepu mkononi kama upanga uliochomolewa, akaibandika karatasi pembe zote. Lakini ukuta ule ulikuwa wa matofali yaliyopakwa rangi ya mafuta, na kwa kukosa ubaridi ulikuwa unatoka jasho kama mpagazi. Katikati ya somo la hesabu amri ya kwanza ikaachia, nyingine zikaifuata kama jeshi lililosikia jenerali amekimbia, zote zikamwangukia mwalimu mabegani. Darasa likaangua kicheko.

Hakurudi nyuma. Akaleta gundi laini ya buluu, ile inayofinywa kwa vidole. Safari hii karatasi haikuanguka. Iliteremka polepole, kwa heshima zake, kama askofu anayeshuka madhabahuni, ikaingia nyuma ya kabati ikabaki nusu. Na katika ile nusu Kethia, msichana wa Kikongo ambaye wazazi wake walitoka Uvira, akasoma kwa sauti neno lile la uzinzi, kisha akamgeukia mwalimu kwa Kiswahili cha kwao.

"Mwalimu, hii *adultery* ni nini? Ni kitu ya kukula?"

Macho yote yakamwelekea shujaa wetu. Enyi wasikilizaji, wapo majenerali ambao wangekimbia hapo!

"Ewe Kethia, binti wa watu wa ziwa," akasema Kathure, "huko ni kuvunja ahadi uliyowapa watu wa nyumba yako."

"Kama vile Papa yangu alisema tutaenda kuogelea na hatukuenda?"

"Karibu na hapo, mwanangu. Karibu, ila si hapo hasa."

Ndipo akamwita Placide, mtunza funguo na mafagio ya shule, mtu wa Bukavu, ambaye hakujua kusema jambo kwa ufupi. Placide akausimamisha ufagio wake kama mkuki, akanena:

"Mwalimu, mashini ya kutoboa niko nayo. Misumari niko nayo. Mikono, Mungu alinipa mbili. Lakini kutoboa ukuta ya serikali inaomba ruhusa, na ruhusa inakuja kisha wiki mingi. Sheria moja inasema utundike. Sheria ingine inasema usitoboe. Njo vile Amerika iko, Mwalimu. Mi naweza kushikilia ngazi tu."

Watoto wakaenda kula. Kathure akabaki na ukuta, wakatazamana. Hofu ilimshika sasa, si ya Pruitt bali ya mwezi wa Mei, mikataba inapotolewa, na wadogo zake Meru wanaomtegemea. Tumbo likanguruma, kwani hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. Akafungua chupa yake ya chai iliyobeba uji wa mahindi. Ulikuwa umepoa ukaganda. Kijiko kilisimama wima bila kushikwa.

Akakitazama kijiko kile, akakumbuka nyumbani majira ya kampeni: vijana na ndoo zao za unga uliokorogwa kwa maji moto, wakibandika nyuso za wagombea kwenye kila ukuta wa soko. Nyuso zile zilipigwa na masika mawili zisibanduke, ingawa ahadi zao zilibanduka siku ya pili.

"Ee uji," akasema kwa uchungu, "nilikukorogea tumbo langu. Lakini Texas imekuhitaji."

Akaupaka kwa rula, mgongo mzima wa karatasi, ukingo hata ukingo. Placide akashika ngazi akinong'ona sala kwa Kifaransa. Kathure akapanda, akaegemeza viganja, akasukuma kwa nguvu za ukoo wake wote. Karatasi ikateleza upana wa ukucha. Ikasita. Ikashika.

Mara viatu virefu vya ngozi vikasikika ushorobani, na Mheshimiwa akaingia, manukato yakimtangulia kama walinzi, mwalimu mkuu na mpiga picha wakimfuata. Akampa Kathure mkono.

"Na wewe, mama, umetoka wapi?"

"Grand Prairie."

"Hapana, kabla ya hapo."

"Euless, mji wa jirani."

"Yaani kwenu hasa, kwenu!"

"Meru."

"Peru!" akashangilia. "Milima mizuri sana kule."

Kisha akasimama kando ya karatasi, akatoa kifua, na kamera ikainuliwa. "Wapo waliotaka maadili yaanguke!" akanguruma. "Lakini hapa Texas hayaanguki!" Na kuthibitisha, akaupiga ukuta kofi kubwa.

Placide akafumba macho. Mwalimu mkuu akashika moyo.

Ukuta ukatikisika, karatasi isitikisike. Tone moja tu la uji likajikamua pembeni, likakaa kwenye kidole gumba cha Mheshimiwa. Akalitazama. Akalinusa. Naye, mtu asiyeogopa kitu ila vitabu, akalilamba.

"Huu ni uji wa mahindi!" Sauti ikamkatika, macho yakalowa. "Uji wa bibi yangu, wa kusini kwetu! Mama, umezibandika amri kwa chakula cha Texas halisi!"

Kathure akainamisha kichwa kwa adabu. Unga ule ulikuwa umetoka Kenya kwenye mzigo wa shangazi, kati ya majani ya chai na kanga.

"Ndivyo ulivyonena, Mheshimiwa," akajibu.

Picha ikatoka siku ile ile, na chini yake maneno: Imani ya kale, gundi ya nyumbani. Mei ilipofika, mkataba ukarudi umetiwa sahihi. Kipoza hewa hakikurudi.

Basi na wajue watakaozaliwa: vitabu vilipofungiwa na wenye vyeo walipotetemeka, mwanamke mmoja wa Meru, na njaa yake tumboni, aliishikilia sheria ya jimbo zima kwa kikombe kimoja cha uji. Watoto waliporudi walimpigia makofi ya kilo, yale ya shule za Kenya aliyowafundisha mwenyewe, Placide akapiga vigelegele kwenye ngazi, na karatasi ipo hadi leo. Ila sisimizi wameugundua uji. Wanakuja kwa msururu kila asubuhi, wanyofu kama washirika wanaoelekea ibadani, na wameanza kuitafuna kwenye pembe ile yenye amri ya *Usiibe*.