Mkia wa Seneta na Taa ya Vifaranga

Jumatatu, 3 Februari

"Fereti akianza kunyonyoka mkia, mwenye fereti aache ubishi, ampeleke kwa daktari." Hivyo ndivyo alivyoandika Marjean Ostrander, katibu wa Chama cha Wafuga Fereti wa Tarlow, Ohio, ukurasa wa kwanza wa jarida letu la mwezi huu. Upuuzi! Aache ubishi! Watawala wote wa mabavu walianza kwa sentensi kama hiyo.

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Chama kina watu thelathini na mmoja, na mkia ulionyonyoka ni mmoja tu: wa Seneta wangu. Marjean anadai ni ugonjwa wa tezi. Eti kuna vitezi viwili juu ya figo, vinavimba, vinamwaga homoni hovyo, manyoya yanakwenda. Mimi nimesoma vitabu vitatu juu ya fereti na kimoja juu ya figo. Jibu langu ni fupi. Fereti, mnyama huyu mdogo mwembamba wa kufugwa ndani, ni wa jamii ya kicheche, na wanyama wa jamii hiyo hubadili manyoya kwa majira. Mkia hutangulia. Seneta ana miaka mitano, anakula, analala mchana kutwa, anaiba soksi. Mgonjwa gani anaiba soksi?

Dada yangu Verna, ninayeishi naye tangu afiwe na mumewe nami niachwe na mke wangu, aliutazama mkia huo tukinywa kahawa. Akasema umekuwa kama penseli.

Nilimwambia penseli imeangusha serikali nyingi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata mpango. Ni mpango mkubwa.

Jumapili kule Pennsylvania walimtoa tena yule mnyama wa shimoni wanayemtumia kila mwaka kutabiri majira, wazee wenye kofia ndefu wakatangaza kwamba ameona kivuli chake: majuma sita zaidi ya baridi. Majuma sita! Maonyesho ya chama ni tarehe 12 Aprili. Mwaka jana Seneta alikuwa wa pili, nyuma ya Kaisari, fereti wa Marjean, mnyama mwenye kifua cha kununulia huruma ya waamuzi. Baridi ikirefuka, manyoya ya Seneta hayatajua yaondoke au yarudi.

Basi majira nitayaleta mimi. Nimetoa dukani kwetu, ninakouza misumari na mabomba, taa moja ya kulelea vifaranga. Nimeweka balbu isiyo na joto, maana fereti hapendi joto, nami si mjinga. Nimeining'iniza juu ya kizimba. Itawaka saa kumi na nane kila siku. Seneta atapita kiangazi chote ndani ya majuma manne, atatokea upande wa pili na koti jipya. Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili? Kwa sababu wanachama wengine husoma jarida la Marjean.

Verna amesema sebule imegeuka banda la kuku. Biskuti, fereti wangu wa kike, ameiba miwani yangu akaenda kulala nayo chini ya kochi.

Jumatano, 12 Februari

Matokeo! Nani alisema yatachelewa?

Seneta ni dume jipya. Ananuka kama zizi la mbuzi dume. Anamkamata Biskuti shingoni na kumburuta sebule nzima. Jana aliipenda ndara ya manyoya ya Verna, akaipenda kweli, mbele ya mchungaji aliyekuja kuuliza hali zetu. Mchungaji akageukia dirisha na kuisifu theluji.

Verna aliniita jikoni. Akaniambia, "Orrin, huyo alihasiwa akiwa hajafungua macho vizuri. Hamu hiyo anaitoa wapi?"

Anaitoa kwenye taa! Ni nini kisichoeleweka hapo?

Nyonga zimeanza kunyonyoka pia. Kiangazi kimekolea.

Jumamosi, 15 Februari

Mkutano wa chama, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kila mtu na chakula chake cha kushirikiana. Verna alipeleka viazi vya jibini. Marjean alipeleka ile jeli yake ya kijani yenye karoti ndani, inayotetemeka hata isipoguswa na mtu. Nilimvika Seneta sweta. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba ni mtindo.

"Profesa," Marjean aliniita, kwa jina la utani alilonibandika, toka upande wa pili wa ukumbi, "mtoto anasikia baridi?"

Nikamwambia anasikia upuuzi, na sweta ni la kumkinga masikio. Watu wawili walicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho wawili walicheka.

Ndipo Seneta akaponyoka mikononi mwangu, akamrukia Kaisari, akamkamata shingoni na kumburuta juu ya meza. Walipita kwenye viazi. Walipita kwenye maharage ya mzee Dwight. Walisimama katikati ya jeli. Bingwa wa Tarlow, kijani mpaka masikioni! Siku nzuri kuliko zote tangu mwaka uanze.

Marjean hakukasirika. Hilo liliniudhi. Alimchukua Seneta, akamvua sweta, akampapasa tumbo. Kisha akasema polepole kwamba sasa hanitanii. Kwa madume, alisema, ugonjwa huu hufunga mkojo. "Ukimwona amechuchumaa na hakitoki kitu, Orrin, usisubiri hata kuvaa viatu." Akaniandikia kwenye karatasi jina la Daktari Lindqvist na namba yake ya simu.

Mbinu ya kale. Mtu akiishiwa hoja huhamia kwenye huruma. Karatasi nilifutia jeli, nikaifanya alama ya ukurasa katika kitabu cha figo.

Jumanne, 18 Februari

Nimemaliza jibu langu kwa jarida. Kurasa tisa. Kichwa: "Mkia Hauna Hatia." Marjean amepiga simu kusema jarida lote lina kurasa nne, na kwamba anaweza kunipa aya moja. Aya moja! Nimemuuliza kama na ukweli siku hizi unapimwa kwa rula. Amejibu kwamba kwenye jarida lake, ndiyo.

Kisha akauliza kama Seneta anakojoa vizuri. Nikamwambia asibadili mada.

Seneta sasa hana manyoya kuanzia mabegani kwenda nyuma. Mbele ni simba, nyuma ni kuku aliyenyonyolewa. Anajikuna mno. Leo amekwenda kwenye kona yake ya choo mara saba kabla ya chakula cha mchana. Bidii ya kupendeza. Nimeongeza saa moja ya taa.

Alhamisi, 20 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, nikiwa kwenye sentensi ya kuongeza ukurasa wa kumi, nilisikia sauti kutoka konani. Sijawahi kumsikia fereti akilia vile. Seneta amechuchumaa, mgongo umepinda kama mpini wa ndoo, anasukuma. Hakitoki kitu. Tone moja. Akanitazama. Nimetazamwa na wapinzani wengi maishani, lakini sijawahi kutazamwa hivyo.

Karatasi! Iko wapi karatasi? Nilikung'uta kitabu cha figo. Haimo. Nilikung'uta vyote vinne. Verna alishika kochi upande mmoja akalisukuma mpaka ukutani. Chini yake: soksi kumi na moja, miwani yangu, kifutio, ndara ya marehemu shemeji, na karatasi ya Marjean, yenye meno ya Biskuti na rangi ya kijani. Biskuti alitusimamia kama karani aliyevamiwa ofisini.

Maili arobaini za theluji. Verna aliendesha. Nilimshika Seneta ndani ya kofia yangu, miguuni nimevaa soksi tu. Sikusema neno njia nzima. Verna anasema ni mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Daktari Lindqvist ni mwanamke mrefu, wa maneno machache. Alisema tezi ya juu ya figo imevimba, homoni zake zimeivimbisha tezi dume, nayo imeukaba mrija wa mkojo. Saa chache zaidi na tusingekuwa na la kuzungumza. Alimlaza, akampitishia mpira mwembamba wa mkojo, akamdunga sindano. Akisharudiwa na nguvu, atamtia kipandikizi chini ya ngozi, katikati ya mabega: kitu kidogo kama punje ya mchele, cha kuituliza tezi. Hakiiponyi, alisema. Kinaituliza tu, na siku moja itabidi kurudia.

Kisha akauliza nyumbani taa huwaka saa ngapi kwa siku.

Nikasema kumi na nane. Nikasahihisha: kumi na tisa.

Aliweka kalamu chini. Akaeleza taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto karibu na jiko. Mwanga mrefu humwambia fereti kwamba ni msimu wa kujamiiana. Ubongo unaicharaza tezi iamke, iamke, iamke. Mnyama huyu anataka giza saa kumi na nne. Akaniuliza ni nani aliyenishauri.

Nikasema nilijishauri mwenyewe, baada ya utafiti.

"Ah," akasema. Verna alikohoa kwa muda mrefu.

Walipomchukua kwenda chumba cha ndani, theluji iliniingia machoni. Ndiyo, najua tulikuwa ndani ya nyumba.

Jumatatu, 24 Februari

Amerudi! Saa nne na dakika kumi asubuhi Seneta alikwenda konani, akachuchumaa, akakojoa. Mkojo mwingi, wa hadhi, wa kibunge! Mimi na Verna tulipiga makofi. Biskuti aliiba soksi ya Verna wakati tumesimama.

Nilipotoka kuoga, taa haipo. Nimemuuliza Verna. Amesema amempa Marjean, ana vifaranga ishirini wanaotetemeka. Na balbu za nyumba nzima, isipokuwa bafuni, amezifungua zote, kazificha. Nikauliza kama hii bado ni nchi huru. Akasema ndiyo, ila kuanzia saa kumi na mbili jioni ni nchi huru yenye giza.

Marjean alileta bakuli la tambi na kuku, akaliacha mlangoni. Nimekula. Kula si kukiri.

Jumamosi, 12 Aprili

Maonyesho. Ukumbi wa zimamoto, meza sita, watu mia na zaidi. Na Seneta? Manyoya mazito, meusi nchani, mepesi chini, mkia kama brashi ya kusafishia chupa! Mwamuzi, mzee mmoja kutoka Dayton, alimnyoosha, akampuliza manyoya, akapitisha kidole mkiani mara mbili. Nilikuwa nimeshika mkono wa Verna bila kujua. Ananiambia umekufa ganzi.

Nafasi ya pili. Kaisari wa kwanza, kwa kifua. Wizi mtupu, lakini wizi wa kawaida.

Marjean alivuka ukumbi wote, akanikumbatia mbele ya watu. "Nilimwogopea sana huyu, Profesa. Ulifanya vizuri kumpeleka." Macho yake yalikuwa mekundu. Nami nikaivua miwani na kuifuta. Vumbi la ukumbi wa zimamoto.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, maana bafuni ndipo palipobaki na balbu. Sijalala vizuri. Usiku kucha nilikuwa natafakari tarehe, na tarehe hazisemi uongo.

Tarehe 6 Februari niliwasha taa. Nilitabiri nini? Kwamba Seneta atapita kiangazi, atanyonyoka, kisha atatokea upande wa pili na koti jipya. Ametoka na nini? Koti jipya! Wao wanataka tuamini kwamba yote hayo yamefanywa na kitu kidogo kama punje ya mchele. Ule mkasa wa mkojo nakiri ulikuwepo. Kila uvumbuzi una siku yake ngumu. Lakini hoja ya majira imesimama. Imesimama, na ina mkia!

Nilimsomea Verna hayo. Akauliza kama nimemtazama Biskuti leo. Nimemtazama. Kwenye shina la mkia kuna pengo, dogo, kama sarafu. Verna tayari amempigia Daktari Lindqvist, tunakwenda Jumanne. Sawa, tutakwenda, mimi nitaendesha, na safari hii nitavaa viatu. Ila hiyo ni adabu tu. Mimi najua ninachokiona. Ni majira.

Kwa hiyo nimeandika barua, na nitaibandika mlangoni mwa kanisa kabla ya mkutano:

Wanachama thelathini wa Chama cha Wafuga Fereti wa Tarlow, na wewe hasa, Marjean Ostrander! Ichapeni "Mkia Hauna Hatia," yote, ambayo sasa ina kurasa kumi na nne. Futeni ile sentensi ya Februari. Na wewe katibu, irudishe taa yangu kesho kabla jua halijazama. Vifaranga wako wakisikia baridi, sweta la Seneta liko hapa, safi, limefuliwa: njoo ulichukue uwavike.